Kiichiro Toyoda, na gari gani la leo litakuwa la kumbukumbu kesho

Msikilizaji wetu mmoja wa Magomeni, hapa Mtwara Mjini, alitutumia ujumbe baada ya kipindi cha asubuhi. Ana Corolla ya zamani imesimama uani kwake chini ya mwembe. Mnunuzi wa chuma chakavu ameshakuja mara mbili na mizani yake. Kijana wa nyumba anataka iuzwe, fedha iongezwe kwenye bajaji. Mzee mwenyewe anasita. Anasema anaona watu wanavyozithamini Land Rover za zamani, akatuuliza: je, haya magari tunayopishana nayo kila siku, kuna yatakayokuja kutafutwa namna hiyo?

Swali ni zuri na lina uzito, kwa sababu gari likishapimwa kwa kilo halirudi tena. Tulipolifuatilia tukajikuta tunasoma maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake, limebadilishwa herufi moja tu, limeandikwa mbele na nyuma ya sehemu kubwa ya magari ya mkoa huu. Mtu huyo ni Kiichiro Toyoda wa Japani, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Toyota. Alifariki mwaka 1952, kabla ya Hilux, Hiace, Noah na hata hiyo Corolla ya Magomeni. Lakini katika maisha yake, na katika kile kilichoyapata magari yake ya kwanza, jibu la swali letu limo.

MTOTO WA SEREMALA

Kiichiro alizaliwa tarehe 11 Juni 1894 katika kijiji cha Yamaguchi, eneo ambalo leo ni mji wa Kosai, pwani ya Japani katika mkoa wa Shizuoka. Kilikuwa kijiji cha wakulima. Babu yake alikuwa seremala aliyelima pia, na baba yake, Sakichi, alijifunza ufundi huohuo.

Sakichi hakuishia kwenye meza na milango. Alikuwa akiwaona akina mama wa kijijini wakihangaika na vitanda vya kufumia nguo, kazi ndefu na malipo madogo. Akawa anashinda bandani akijaribu kutengeneza kitanda cha kufumia kitakachofanya kazi haraka zaidi. Mwaka 1891 alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake wa kwanza, mashine ya mbao ya kuendeshwa kwa mkono.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Baba alikuwa safarini au bandani, fedha zilikuwa chache, na mama yake Kiichiro aliondoka mtoto akiwa bado mchanga. Miaka ya mwanzo alilelewa na babu na bibi. Baadaye alihamia kwa baba yake na mama wa kambo mjini Nagoya, ambako biashara ya mashine za kufuma ilianza kushika mizizi. Wanaomwandika wanamweleza kuwa mtu mkimya, mwenye kupenda kushika kitu kwa mikono yake kuliko kukizungumzia.

Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akahitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1920. Kwa hiyo baba alikuwa fundi wa kujifunza kwa kushika, na mwana akawa fundi wa darasani. Nyumba moja ikawa na elimu zote mbili.

MASHINE ILIYOJISIMAMISHA YENYEWE

Mwaka 1921 Kiichiro aliingia kazini katika kampuni ya baba yake ya nyuzi na nguo. Mwaka huohuo alisafiri kwenda Marekani na Uingereza kuona viwanda vya wenzao. Uingereza alifika Oldham, karibu na Manchester, kwa kampuni ya Platt Brothers, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa mashine za nguo duniani.

Aliporudi, yeye na baba yake pamoja na mafundi wao walikamilisha mwaka 1924 mashine iliyoitwa Aina ya G. Mashine hii ilikuwa na mambo mawili makubwa. Kwanza, uzi ukiisha kwenye kile chombo kinachopita huku na huku, mashine ilijibadilishia yenyewe bila kusimama. Pili, uzi ukikatika, mashine ilijisimamisha yenyewe. Haikuendelea kufuma nguo mbovu huku mwangalizi akiwa hana habari. Kwa sababu hiyo mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mashine nyingi kwa pamoja.

Hilo la pili lifikiriwe vizuri. Maana yake ni kwamba kosa likitokea, kazi isimame, kosa lionekane, lirekebishwe pale pale. Fikra hiyo ilitoka kwenye nguo ikaenda nao hadi kwenye magari.

Desemba 1929 Platt Brothers, wale wakubwa wa Uingereza, walikubali kulipa pauni 100,000 ili wapate haki ya kutumia ubunifu huo. Mwanafunzi amemuuzia mwalimu. Kiichiro ndiye aliyesafiri kwa ajili ya mkataba huo. Lakini alipokuwa njiani, macho yake hayakuwa kwenye nguo. Yalikuwa barabarani, kwenye magari ya Marekani. Baba yake, Sakichi, alifariki Oktoba 1930.

KONA NDANI YA KIWANDA CHA NGUO

Wakati huo Japani ilikuwa na magari, lakini hayakuwa yake. Mwaka 1923 tetemeko kubwa la ardhi lilibomoa Tokyo na Yokohama, reli zikaharibika, na serikali ya mji ikaagiza magari ya Ford kutoka Marekani yatumike kama mabasi. Ford ikaona soko, ikafungua kiwanda cha kuunganisha magari Yokohama mwaka 1925. General Motors ikafuata Osaka mwaka 1927. Watu wengi waliamini kuwa fundi wa Kijapani hawezi kushindana nao.

Kiichiro aliomba kona ndani ya kiwanda cha mashine za kufuma. Akaagiza injini ndogo kutoka Marekani, akaifungua yote, akapima kila kipande, akatengeneza ya kwake. Hapo ndipo alipoanzia. Septemba 1933 kampuni ilianzisha rasmi idara ya magari. Wakanunua Chevrolet, wakaibomoa nati kwa nati kama gereji ya mtaani inavyofungua injini iliyokufa, tofauti ni kwamba wao waliandika na kuchora kila walichokiona.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumimina bloku ya injini. Chuma kinayeyushwa, kinamiminwa kwenye umbo la mchanga, kikipoa kinatakiwa kitoke na matundu ya silinda na njia za maji bila ufa wala kishimo. Bloku zao za mwanzo zilitoka na nyufa, zikarudishwa kwenye tanuru. Zilipotea nyingi sana kabla hawajapata iliyokubali. Ndani ya familia na kampuni walikuwepo waliohofu kwamba fedha ya nguo inateketea kwenye ndoto ya mtu mmoja. Shemeji yake, Risaburo, aliyekuwa mkuu wa kampuni, alikuwa na mashaka hayo mwanzoni.

Mei 1935 gari dogo la kwanza la majaribio, A1, lilikamilika. Injini yake ilifuata mfano wa Chevrolet, na bodi yake ilifanana na magari ya Chrysler ya wakati huo. Hakuna aibu katika hilo. Fundi anaanza kwa kuiga kazi nzuri, kisha anapata mkono wake.

LORI LILILOKWAMA NJIANI

Serikali ya Japani, iliyokuwa ikijiandaa kwa vita, ilitaka malori kwanza. Basi Kiichiro akatanguliza lori, G1, likazinduliwa Tokyo Novemba 1935. Kuna jambo kuhusu uzinduzi huo ambalo madereva wetu wa barabara za Newala na Tandahimba watalielewa upesi: lori hilo liliharibika njiani likielekea kwenye sherehe yake lenyewe. Ikabidi mafundi wafanye kazi ili lifike kabla ya wageni.

Na matatizo hayakuishia hapo. Wateja wa kwanza waliharibikiwa mara kwa mara, na sehemu ya ekseli ya nyuma ilikuwa na sifa mbaya ya kuvunjika. Kampuni nyingine ingejificha. Wao walifanya kinyume. Malori ya kwanza waliyauza karibu na nyumbani, ili lori likikwama waweze kulifikia. Fundi alitumwa lilipo, likatengenezwa, na taarifa ya kilichovunjika ikarudishwa kiwandani ili kibadilishwe kwenye malori yanayofuata. Kiichiro mwenyewe alikuwa mtu wa kuingia chini ya gari na kutoka mikono imejaa grisi. Ni ile mashine ya kufuma tena: uzi umekatika, simama, rekebisha.

Malori ya G1 hayakuwa mazuri. Lakini walioyanunua walipata kitu ambacho hata leo ni nusu ya thamani ya gari kwa mtu wa kijijini, nacho ni uhakika kwamba likiharibika kuna mtu anayejua kulitengeneza na kuna spea.

JINA LA SHAMBA LA MPUNGA

Mwaka 1936 gari la abiria lililotokana na A1 lilianza kuuzwa kwa jina la AA. Mwaka huohuo kampuni ilitangaza shindano la kutafuta nembo, na watu wakatuma michoro ipatayo 27,000. Mchoro ulioshinda uliandika Toyota badala ya Toyoda. Toyoda, jina la ukoo, maana yake ni shamba la mpunga lenye rutuba. Toyota halina maana hiyo, lakini sauti yake ni nyepesi, na kwa maandishi ya Kijapani huandikwa kwa mikwaju minane, namba inayohesabiwa kuwa ya baraka. Zaidi ya hapo, kampuni ilitoka kwenye kuwa mali ya ukoo ikawa jina la watu wote. Tarehe 28 Agosti 1937 kampuni ya magari ya Toyota iliandikishwa. Risaburo akawa mkuu wake wa kwanza, na Kiichiro akashika nafasi hiyo mwaka 1941.

Novemba 1938 kilifunguliwa kiwanda kikubwa Koromo, mahali palipokuwa na nyika na mashamba. Leo mji huo unaitwa Toyota. Kiichiro hakuwa na fedha za kujaza maghala kama Wamarekani. Akaweka utaratibu kwamba kila kipande kifike pale kinapohitajika, wakati kinapohitajika, na kwa kiasi kinachohitajika tu. Kisicho na kazi leo kisikae kikishika vumbi na kufunga fedha. Mama lishe wa sokoni anaujua utaratibu huu: hupiki sufuria tano za wali kwa wateja kumi. Vita vilivuruga mpango huo mapema, lakini baada yake wengine waliufufua na kuukuza, na leo viwanda vya dunia nzima vinaufuata.

VITA, NJAA NA SAMAKI

Miaka ya vita ilikula kila kitu. Kiwanda kilitengeneza malori ya jeshi, tena ya kubana matumizi, chuma kikipunguzwa kila palipowezekana. Gari la AA na ndugu yake wa paa la turubai, AB, yakazidi kupungua hadi utengenezaji ukasimama mwaka 1943. AA zilizotengenezwa zote kwa jumla zilikuwa 1,404. Agosti 14, 1945, siku moja kabla ya Japani kutangaza kusalimu amri, mabomu yaliangukia kiwanda cha Koromo.

Baada ya vita nchi ilikuwa na njaa na kiwanda kilikuwa na maelfu ya watu wa kulisha. Kiichiro alitafuta kazi yoyote halali ya kuwashikilia. Mwanawe, Shoichiro, ambaye baadaye angekuja kuongoza kampuni hiyo, alipelekwa kaskazini kabisa mwa Japani kwenye kazi ya kusaga nyama ya samaki na kutengeneza vitafunwa vyake. Kwetu sisi watu wa pwani jambo hili si geni: mambo yakigoma nchi kavu, mtu anarudi baharini.

MWAKA 1950

Kisha likaja pigo lililomwangusha. Mwaka 1949 serikali ilibana matumizi kwa nguvu ili kuzuia mfumuko wa bei. Wateja waliokuwa wamekopa malori wakashindwa kulipa. Toyota ikashindwa kulipa mishahara kwa wakati. Mabenki yaliyokuja kuikoa yaliweka masharti, na la uchungu zaidi lilikuwa kupunguza watu.

Kiichiro alikuwa ameshikilia kwamba hatafukuza mfanyakazi. Wafanyakazi waligoma kwa wiki kadhaa. Mwishoni watu zaidi ya 1,500 waliondoka. Na Kiichiro, kwa kuwa ahadi yake ilikuwa imevunjika, naye aliondoka. Juni 5, 1950 alijiuzulu ukuu wa kampuni aliyoianzisha.

Wiki tatu baadaye, Juni 25, vita vya Korea vilianza. Julai jeshi la Marekani likaagiza malori 1,000, kisha mengine. Kampuni iliyokuwa kaburini ikafufuka ghafla, kwa vita vya watu wengine, na mwenye kuianzisha hayumo. Mwaka uliofuata, 1951, Toyota ilitengeneza gari la kupanda milima kwa mfano wa Jeep, likajaribiwa kwenye mlima Fuji hadi kituo cha sita. Mwaka 1954 lilipewa jina la Land Cruiser.

Mwanzoni mwa 1952 kampuni ilimwomba Kiichiro arudi kuiongoza, naye akakubali. Hakuwahi kukaa tena kwenye kiti hicho. Kwa miaka mingi alisumbuliwa na shinikizo la damu, na tarehe 27 Machi 1952 alifariki kwa kupasuka mshipa wa damu kichwani. Alikuwa na miaka 57. Wakati huo kampuni yake ilikuwa bado ni ya malori. Gari dogo la mtu wa kawaida, ambalo ndilo alilolitaka tangu siku ile ya kwanza kwenye kona ya kiwanda, lilikuja kwa wingi baadaye. Corolla ilitoka mwaka 1966.

GARI LAO LA KWANZA LILIPOTEA

Sasa tunafika kwenye jibu la mzee wa Magomeni.

Toyota ilipokaribia kutimiza miaka 50, mwaka 1987, ilitaka kuonyesha gari lake la kwanza la abiria. Haikuwa nalo. Katika AA zote 1,404, haikupatikana hata moja. Kampuni kubwa yenye wahandisi na fedha ikalazimika kutengeneza nakala mpya ya gari lake yenyewe, kwa kufuata michoro na kumbukumbu.

Kwa nini? Si kwa sababu AA lilikuwa baya. Lilikuwa gari la kazi. Lilitumika kama teksi, lilitumika ofisini, likachukuliwa vitani, likachoka, likakatwa chuma. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja litaulizwa. Kitu kikiwa kimejaa kila mahali, hakuna anayekitunza, maana kila mtu anaamini kwa jirani kipo.

Miaka mingi baadaye, AA moja ilipatikana mashariki ya mbali ya Urusi, kwa familia ya wakulima. Ilikuwa imechakaa vibaya. Usukani ulikuwa umehamishiwa kushoto, na vipande vya magari ya Kirusi vilikuwa vimeingizwa ili iendelee kutembea. Ilinunuliwa na kupelekwa kwenye jumba la makumbusho la Louwman huko The Hague, Uholanzi. Hapo imewekwa kama ilivyokutwa, haikupakwa rangi wala kunyooshwa. Watu wanasafiri kwenda kuitazama hivyo hivyo ilivyo.

Aliyeiokoa hakuwa tajiri wa kukusanya magari. Alikuwa mkulima ambaye hakulitupa. Akalitengeneza kwa alichonacho ili limfikishe anakokwenda, na siku lilipochoka akaliacha lipumzike.

MAGARI GANI YA LEO, BASI?

Kutokana na maisha ya Kiichiro tumetoa vipimo vitatu. Gari la kumbukumbu ni lile ambalo limebeba maisha ya watu wengi, ambalo fundi wa kawaida anaweza kulifufua, na ambalo limebaki moja moja likiwa bado na vitu vyake vya asili. Bei ya dukani siyo kipimo. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948 ilikuwa gari la shamba. Huku kusini ilibeba wagonjwa, walimu, korosho na maiti, hasa miaka ile kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, wakati masika yalipokuwa yakitufungia njia ya Dar es Salaam. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha, na watu wakafurika kuyaona. Ni magari yaleyale yaliyokuwa yakidharauliwa kwa kuvuja oili.

Kwa vipimo hivyo, haya ndiyo tunayoyaona sisi.

La kwanza ni Land Cruiser ya kazi, hardtop, ambayo wengi wanaiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele. Umbo hili lilianza mwaka 1984 na halijabadilika sana. Limebeba chanjo, polisi, watalii na wajawazito. Ndugu yake aliyelitangulia, lile la miaka ya 60 na 70, tayari linatafutwa Marekani na Ulaya kwa fedha nyingi. Kwa mkonga hatuna shaka.

La pili ni Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli isiyo na mambo mengi, na Hiace za mwanzo, zile zilizoitwa vipanya. Nusu ya watu wazima wa mkoa huu wamewahi kukaa kwenye kiti cha moja ya hizo wakiwa wamepakata mtoto wa mtu mwingine. Lakini angalieni: vipanya vizima vimebaki vichache mno. Yanayotokea ni yaleyale ya AA.

La tatu ni Corolla za miaka ya 80 na 90. Hakuna anayeziita nzuri. Lakini fundi wa chini ya mti anazijua, spea zake zipo, na Corolla ndilo jina la gari lililouzwa kuliko yote duniani, zaidi ya milioni 50. Kwa familia nyingi za Tanzania, lilikuwa gari la kwanza katika ukoo.

Noah na IST tunaziweka kwenye kundi la kusubiri. Leo zimejaa mpaka zinachosha macho. Noah imefungua njia za vijijini ambako basi halifiki, na IST ndiyo gari la kwanza la vijana wengi wa mjini. Watoto wanaopanda leo watazikumbuka wakiwa na miaka 50. Zitakazobaki ni zile ambazo hazikubadilishwa taa, siti na bampa kila baada ya miezi sita.

Magari mapya yaliyojaa kompyuta tuna wasiwasi nayo. Siyo kwamba ni mabaya. Lakini kifaa kimoja cha umeme kikifa na kiwanda kimeacha kukitengeneza, nyundo na spana havisaidii. Yule mkulima wa Urusi asingeweza kuliendesha gari la namna hiyo miongo yote ile.

KWA MZEE WA MAGOMENI

Hatutamdanganya msikilizaji wetu kwamba Corolla iliyo chini ya mwembe itamtajirisha. Gari la kawaida hushuka thamani kwa miaka mingi kabla halijaanza kupanda, na mengi hayapandi kamwe. Kama nyumba ina ada ya shule na hakuna njia nyingine, gari liuzwe, tena kwa anayetaka kulitembeza, maana huyo atatoa bei nzuri kuliko mwenye mizani.

Lakini kama kuna nafasi ya kulibakiza, tunashauri mambo machache ambayo hayagharimu sana. Lisikae chini ya mwembe, majani na utomvu hula rangi na kuziba njia za maji. Upepo wetu una chumvi, kwa hiyo lioshwe kwa maji baridi hadi chini ya bodi, na palipoanza kutu pakwanguliwe na kupakwa rangi mapema. Liinuliwe kwenye mawe au magogo imara ili matairi yasikae yameelemewa. Betri itolewe. Vitu vya asili vikitolewa, taa, vikombe vya rimu, redio, visitupwe, viwekwe kwenye gunia ndani. Kadi ya gari itunzwe na karatasi zake zote. Na mwenye gari aandike kwenye daftari, au amsimulie mjukuu amrekodi kwa simu: lilinunuliwa lini, kwa fedha za msimu upi wa korosho, lilimpeleka nani hospitali usiku gani, harusi ya nani ilipambwa kwa gari hilo. Gari lisilo na habari zake ni bati tu.

Kijana anayetaka bajaji naye hana makosa. Kiichiro mwenyewe aliacha mashine za baba yake zilizokuwa zinaleta fedha akakimbilia kitu kipya. Lakini kiwanda cha mashine za kufuma hakikubomolewa. Kipo hadi leo na kinafanya kazi. Kipya kilijengwa pembeni ya cha zamani.

Kampuni yake ina jumba la makumbusho la magari karibu na Nagoya, na AA iliyomo humo ni ile ya kunakili. Uani Magomeni ipo Corolla yenyewe, yenye kutu yake na mikwaruzo yake. Tumemjibu mzee kwamba mnunuzi wa mizani asubiri kidogo, kwanza wakae yeye na kijana wake walifungue boneti pamoja.